Ronald Fisher na Asilimia Tano

Kila mwaka, sisi tunaosahihisha tasnifu hukutana na sentensi ile ile: matokeo ni muhimu katika kiwango cha asilimia 5, kwa hivyo nadharia imethibitishwa. Sentensi hiyo ina makosa mawili, na anayesingiziwa yote mawili ni Ronald Fisher.

Fisher alizaliwa London mwaka wa 1890. Macho yake yalikuwa dhaifu, akazoea kutatua hisabati akilini bila kalamu. Mnamo 1919 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, achambue rekodi za mbolea na mavuno zilizorundikana tangu 1843. Huko ndiko bibi mmoja mwanasayansi alikodai kwamba angeweza kutambua, kwa kuonja tu, iwapo maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au chai. (Sisi tunaochemsha vyote katika sufuria moja hatuna ugomvi huo.) Jaribio ambalo Fisher alilieleza baadaye lilikuwa la vikombe 8, vinne vya kila aina, vikichanganywa ovyo. Anayebahatisha ana nafasi 1 tu kati ya 70 ya kuvipatia vyote.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Hiyo 1 kati ya 70 ni uwezekano wa kupata matokeo hayo endapo bibi hana kipaji. Si uwezekano kwamba hana kipaji. Mwenye malaria aghalabu hushikwa na homa, lakini si kila mwenye homa ana malaria.

Kosa la pili ni la lugha. Neno la Kiingereza alilolitumia Fisher lilidokeza matokeo yanayoashiria jambo, yanayostahili kuchunguzwa zaidi. Sisi tukalitafsiri kuwa 'muhimu'. Ilhali sampuli ikiwa kubwa mno, hata tofauti ya nusu alama baina ya shule mbili huvuka kizingiti hicho, isimfae mwanafunzi yeyote. Asilimia 5 yenyewe Fisher aliipendekeza mwaka wa 1925 kwa kuwa ilifaa. Kufikia 1956 alikuwa akisisitiza kwamba mtafiti hashikilii kiwango kimoja daima.

Naye hakusalimika. Katika miaka ya 1957 na 1958, akiwa mvutaji wa kiko na mshauri wa kulipwa wa watengenezaji wa tumbaku, alishikilia kwamba kuandamana kwa sigara na saratani ya mapafu hakuthibitishi kuwa sigara ndiyo chanzo. Pengine ni urithi wa damu. Kanuni ilikuwa sahihi, ila ushahidi ulikuwa umekwisha kutoka pande nyingi mno. Alifariki Adelaide, Australia, mwaka wa 1962. Miaka miwili baadaye, ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ilitamka kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume.