Lord Erroll na Jumba la Majini

Mimi si mtu wa kuamini kila mzuka unaosimuliwa. Nimekulia pwani, kwenye mibuyu na magofu, na kwetu hakuna mbuyu usiokuwa na mwenyewe. Lakini sikutaraji kwamba siku moja nitaulizwa habari za mizuka huko bara, tena Spring Valley, mtaa wa Nairobi wenye miti mirefu na nyumba za vigae, ambako zamani ilikuwa ni mibuni mitupu.

Nilikwenda huko kumtembelea mpwa wangu. Siku ya pili yake mkewe akanishitakia kwamba askari wao wa usiku kawatia watoto hofu. Kawahadithia kuwa kuna Mzungu aliyepigwa risasi zamani za vita, naye hupita barabarani usiku wa manane, taa za gari zinawaka na kwenye usukani hakuna mtu. Mtoto mdogo akawa halali. Mama mtu akataka wahame. Mpwa wangu, kwa kuwa anajua nilikaa chuoni mpaka nikahitimu, akaniomba nisome azima nimfukuze huyo Mzungu.

Nikamjibu kuwa sifukuzi nisiyemjua. Nikatoka, nikakaa na askari langoni, nikamdadisi taratibu. Kumbe anayemtaja ni Lord Erroll.

Basi natunzeni masikio. Jina lake ni Josslyn Hay, aliyezaliwa 1901 katika ukoo mkubwa wa Uskoti. Ukoo huo ulirithishana cheo cha Konstebo Mkuu wa Uskoti, na 1928 baba yake alipofariki, Josslyn akawa Earl wa Erroll wa 22. Jina lilikuwa refu, mfuko mfupi. Alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa ulimi, na tangu ujanani hakupenda amri ya mtu. Skuli ya Eton ilimfukuza. Akafanya kazi kidogo katika ubalozi wa Uingereza mjini Berlin, kisha 1923 akamwoa Idina Sackville, mwanamke aliyemzidi umri na ambaye alikwisha kuachika mara mbili. Mwaka uliofuata wakaja Kenya.

Walijenga bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua, katika ardhi iliyotengewa Wazungu peke yao. Huko ndiko kulikozaliwa lile kundi lililoitwa la Bonde la Raha. Karamu zao zilianza jioni zikaisha asubuhi, ulevi ukiwa chungu nzima, na waume na wake wakibadilishana kama watu wanaobadilishana viti. Wenyeji wa nchi ndio waliopika, wakafua, wakatandika, wakaona yote na kunyamaza.

Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Erroll alipendana na Mary, mke wa Ramsay-Hill, aliyekuwa na jumba jeupe kando ya Ziwa Naivasha, lililojengwa kwa mtindo wa Kiarabu wa Maghribi. Shamba lake liliitwa Oserian, na jumba lenyewe Wazungu walilipa jina la Djinn Palace, yaani Jumba la Majini. Mwaka 1930 Erroll aliachana na Idina akamwoa Mary, na jumba likawa maskani yake. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka. Sisi jini tunamtaja kwa kumwogopa Mungu na kusema bismillahi. Hawa wenzetu wamelitundika jina lake mlangoni kuwa ni mzaha. Mary hakudumu. Ulevi ulimla, akafariki 1939.

Lakini tusimdhulumu maiti kwa kumfanya mlevi na mzinifu basi. Erroll alikuwa na akili kali na kumbukumbu ya ajabu. Mwaka 1934 alijiunga na Mafashisti wa Mosley, na hilo ni doa lisilofutika. Mwaka 1939 Wazungu wa Kiambu walimchagua katika Baraza la Kutunga Sheria. Vita vilipozuka akapewa kazi za kijeshi Nairobi, na watu wanasema kazi aliiweza. Labda angekuwa mtu mwingine. Ajali haikumpa nafasi.

Mwishoni mwa 1940 aliwasili Kenya Sir Jock Delves Broughton, mzee wa miaka 57, na mkewe mpya Diana, mwenye miaka 27. Wakapanga nyumba Karen. Haukupita muda, Diana na Erroll wakapendana, wala hawakujificha. Usiku wa tarehe 23 Januari 1941 walikula wote katika klabu ya Muthaiga. Broughton akainua gilasi mbele ya watu akawatakia wapenzi hao wawili heri na mrithi. Fikiri, msomaji, mume anamtakia mkewe heri na mwanamume mwingine!

Baada ya saa nane za usiku Erroll alimrudisha Diana nyumbani Karen, akamfikisha, akaondoka peke yake. Kiasi cha saa tisa, gari la maziwa lilikuwa likielekea mjini. Waliokuwamo, Waafrika wawili, wakaliona gari aina ya Buick limetoka barabarani likaingia shimoni, taa zake bado zinawaka. Ndani yake alikuwamo maiti, kapigwa risasi ya kichwa. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Broughton akakamatwa mwezi wa Machi. Kesi ikaanza tarehe 26 Mei, na huku ulimwengu unaungua, Nairobi nzima ikawa inazungumza kesi hiyo. Wakili wake, Morris, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, akaonyesha kuwa risasi zile hazikutoka katika bastola aina ya Colt kama aliyokuwa nayo mshitakiwa. Tarehe 1 Julai akaachiliwa huru. Mwaka uliofuata, mwezi wa Disemba 1942, Broughton alijiua kwa dawa katika hoteli mjini Liverpool. Diana aliolewa na Gilbert Colvile, tajiri wa ng'ombe, naye akamnunulia lile lile Jumba la Majini. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupandishwa kizimbani. Vitabu vikaandikwa, wa kwanza kati ya vile mashuhuri ukatoka 1982, filamu ikafuata 1987. Mmoja anasema ni mume, mwingine anasema ni mwanamke aliyeachwa, mwingine anasema ni majasusi wa Uingereza wenyewe.

Hapo ndipo mzuka ulipozaliwa. Haki isipopatikana, uvumi hushika nafasi yake. Angehukumiwa mtu mmoja mwaka ule, taa za Buick ile zingezimika zamani. Tena tazama: Karen kuko kusini-magharibi ya mji, na Spring Valley ni kaskazini-magharibi. Gari limetembea maili zote hizo kwa midomo ya watu.

Na jambo moja lilinichoma nilipokuwa nikimsikiliza askari yule. Katika vita vile vya kwanza vya 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu ya vijana wetu, wa bara na wa pwani, walikufa kwa homa na njaa wakiwabebea Waingereza mizigo. Jina lao limebaki Nairobi, ndilo hilo la mtaa wa Kariokor. Mbona hao hawatokei usiku? Mbona hakuna anayeiona mizigo yao ikipita bila vichwa? Hata wale wawili wa gari la maziwa, wasimulizi huwapita mbio kama mawe ya njiani. Inaonyesha hata mzuka hapa kwetu ulitaka cheo.

Tulifundishwa chuoni kuwa aliyekufa yuko barzakhi, ana shughuli ya kujibu aliyoyatenda, hana nafasi ya kuendesha gari. Majini wapo, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyewaumba, lakini jini si roho ya mtu.

Azima sikusoma. Nilimwita mtoto, nikamwambia kwamba bwana yule amezikwa Kiambu, kanisani, ubavuni mwa mkewe Mary, wala hajaondoka hapo tangu 1941. Nikamfundisha Ayatul Kursi, tukaisoma pamoja mpaka akaishika. Usiku ule aliisoma mwenyewe, akalala. Asubuhi mama yake hakutaja tena habari ya kuhama.

Askari nilimwambia, akipenda kuwahadithia watoto, awahadithie habari za wapagazi wa Kariokor. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema babu yake alikuwa mmoja wao, na hajui alikozikwa.