John Venn, mtu wa duara zilizopandana

Kijana wako wa sekondari hapa Ganako akirudi na daftari la hisabati, huenda ukaona humo duara mbili zilizopandana. Walimu huuita mchoro wa Venn. Venn lilikuwa jina la mtu, na habari za familia yake zinafika hadi Kilimanjaro.

John Venn alizaliwa tarehe 4 Agosti 1834 mjini Hull, Uingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Babu yake, mchungaji, alikuwa karibu na watu waliopigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Baba yake, Henry Venn, alikuwa katibu wa shirika la kimisionari la CMS kuanzia 1841. Shirika hilo ndilo lililomtuma Johannes Rebmann, aliyeuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na kuandika kuhusu theluji yake.

John naye akawa mchungaji mwaka 1859. Mwaka 1862 alirudi Chuo Kikuu cha Cambridge kufundisha, na huko akazama katika mantiki, yaani elimu ya kufikiri kwa mpangilio. Baadaye aliona hawezi tena kukubali baadhi ya kanuni za kanisa lake. Mwaka 1883 akaacha uchungaji, ingawa hakuacha imani. Kwa mtoto wa ukoo ule, ulikuwa uamuzi mzito.

Mchoro wake aliuchapisha mwaka 1880. Leonhard Euler wa Uswisi alikuwa ametumia duara kabla yake. Venn aliongeza jambo moja: chora kwanza kila mchanganyiko unaowezekana, kisha tia kivuli pale pasipo na kitu.

Tuchukue mfano. Kitongoji kina kaya 40. Kaya 25 zinalima mahindi, 20 zinalima maharage. Mwenyekiti akijumlisha anapata 45, zaidi ya kaya alizonazo! Sababu ni kwamba kaya 12 zinalima vyote viwili, naye amezihesabu mara mbili. Hizo 12 ndizo zinazokaa katikati, pale duara zinapopandana. Toa 12 katika 45, unabaki na 33. Huo ndio muungano wa seti mbili. Kaya 7 ziko nje ya duara zote. Asipochora, anaweza kuomba mbegu za kaya zisizokuwepo na kuzisahau hizo saba.

Maumbo nayo hupangwa hivyo. Pembetatu mraba ina pembe ya nyuzi 90. Pembetatu pacha ina pande mbili zilizo sawa. Yenye nyuzi 90, 45 na 45 inakaa katikati, maana ni zote mbili. Pembetatu sawa, yenye pande tatu sawa, iko ndani ya duara la pacha, lakini haiingii kamwe duara la pembetatu mraba, kwa kuwa kila pembe yake ni nyuzi 60.

Venn alifariki Cambridge tarehe 4 Aprili 1923, akiwa na miaka 88. Katika ukumbi wa chakula wa chuo chake, Gonville and Caius, kuna dirisha la vioo vya rangi lenye duara tatu zilizopandana.