Augustino na Mapeasi ya Usiku

Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Augustino akiwa na kofia ya uaskofu, kitabu mkononi na moyo unaowaka moto, kama anavyochorwa kwenye picha. Sisi tunaosoma falsafa tunakutana naye karibu kila muhula, na darasani anaingia akiwa mzee tayari. Ni mara chache tunakumbuka kwamba aliwahi kuwa na miaka 16, hana shule, yuko nyumbani kwao anazurura na wenzake.

Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini ambao leo uko Algeria na unaitwa Souk Ahras. Baba yake, Patricius, alikuwa diwani wa mji lakini si tajiri. Mama yake ndiye Mtakatifu Monika. Kijana alipelekwa kusoma Madaura, mji wa jirani, akafanya vizuri. Baba akataka aendelee Carthage, ila fedha hazikuwepo. Basi Augustino akakaa nyumbani mwaka mzima. Aliyewahi kusubiri ada anajua mwaka kama huo una urefu gani.

Vijana wa rika lake walikuwa wakisimuliana maovu yao, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake. Augustino aliona aibu kubaki nyuma, na pale alipokosa la kusimulia, alitunga. Hebu tumtazame: kijana mwenye akili kama ile anajisingizia dhambi asizozitenda, ili tu asionekane mshamba. Sisi tuliolala bwenini tunazijua hadithi za namna hiyo. Baadhi yetu tulizitunga.

Karibu na shamba la mizabibu la kwao kulikuwa na mpeasi uliozaa sana. Usiku mmoja kundi zima likaenda, wakautikisa mti na kuondoka na mizigo ya matunda. Mapeasi yenyewe hayakuwa na sura wala ladha ya kutamanisha, na Augustino alikuwa na mazuri kuliko hayo. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe.

Zaidi ya miaka 25 baadaye, akiwa askofu, aliandika Maungamo, na kisa hicho akakipa kurasa nyingi. Tulipokisoma mara ya kwanza tulicheka: askofu mzima analilia matunda ya nguruwe! Lakini swali lake ni gumu. Kama hakuyataka mapeasi, alitaka nini? Alijichunguza mpaka akafika kwenye kundi. Angekuwa peke yake asingeiba. Alitaka kicheko kile cha pamoja, na aliogopa kuwa wa kwanza kusema jamani turudi.

Fedha zilipatikana, akaenda Carthage. Huko akawa karibu na wanafunzi walioitwa Wabomoaji, jina walilojivunia, ambao kazi yao ilikuwa kuwaonea wanafunzi wageni. Alivichukia vitendo vyao na hakuvishiriki, ila aliendelea kukaa nao, tena akiona haya kwamba hafanani nao! Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, akawaka hamu ya hekima. Hata hekima akaenda kuitafuta kundini, kwa Wamanikei, waliofundisha kwamba wema na uovu ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo. Alibaki nao miaka tisa.

Katika miaka hiyo alirudi Thagaste kufundisha, na hapo likatokea jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko vitabu vyote alivyosoma. Alikuwa na rafiki waliyekua pamoja, ambaye yeye mwenyewe alimvuta kwa Wamanikei. Rafiki huyo akashikwa na homa, akabatizwa akiwa hana fahamu. Alipopata nafuu, Augustino akaanza kuudhihaki ubatizo ule, akitegemea watacheka wote wawili kama kawaida yao. Mwenzake hakucheka. Alimtazama kama adui, akamwambia kwamba akitaka waendelee kuwa marafiki aache maneno hayo. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa, na Augustino hakuwepo. Kijana yule, dhaifu kitandani, alifanya kile ambacho Augustino alishindwa kukifanya chini ya mpeasi.

Yaliyofuata yanajulikana: Roma, Milano, mahubiri ya Askofu Ambrosi, ubatizo wa Pasaka mwaka 387 pamoja na rafiki yake Alypius na mwanawe Adeodatus. Huko Italia watu waliikosoa lafudhi yake ya Kiafrika, naye, mwalimu wa ufasaha, aliliandika hilo wazi bila kuona haya.

Hakuwa mtu wa kujitenga hata baada ya hapo. Aliporudi Afrika aliishi kijumuiya na wenzake, kwanza Thagaste, kisha Hippo, wakila meza moja.

Mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wa Hippo, aliugua. Aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Akaomba mtu yeyote asiingie, isipokuwa waganga wanapokuja au chakula kinapoletwa. Kwa siku kama kumi alikaa peke yake akizisoma na kulia. Tarehe 28 Agosti alifariki, wenzake wakiwa wamesimama kando yake wakisali.