Peter Mitchell

Peter Dennis Mitchell (Mitcham, Uingereza, 29 Septemba 1920 – Bodmin, Uingereza, 10 Aprili 1992) alikuwa mwanabiokemia aliyeeleza jinsi seli zinavyojipatia nishati. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia peke yake. Nadharia yake ilipingwa na wataalamu wengi kwa zaidi ya miaka kumi. Leo ndiyo msingi wa kuelewa kazi za mitokondria, pamoja na jinsi kalsiamu inavyoweza kuzisaidia au kuziua seli za ubongo.

Maisha

Mitchell alisoma katika shule ya Queen's College mjini Taunton. Mwaka 1939 alijiunga na Jesus College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1951 kwa utafiti kuhusu namna penisilini inavyofanya kazi. Huko Cambridge alianza kushirikiana na mtafiti Jennifer Moyle. Mwaka 1955 alihamia Chuo Kikuu cha Edinburgh, na Moyle akaendelea kufanya kazi naye huko.

Mwaka 1963 alijiuzulu kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Alikwenda kuishi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, akasimamia ukarabati wa jumba la zamani liitwalo Glynn House, karibu na mji wa Bodmin. Sehemu moja ilikuwa makazi ya familia, nyingine ikawa maabara. Yeye na Moyle walianzisha hapo taasisi ndogo ya utafiti isiyo chini ya chuo kikuu chochote. Fedha za kuianzisha zilitoka kwake na kwa ndugu yake, Christopher.

Nadharia yake

Katika miaka ya 1950 ilikwisha kujulikana kwamba mitokondria hutumia oksijeni na chakula kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Kiungo kati ya matumizi ya oksijeni na utengenezaji wa ATP hakikujulikana. Wataalamu walitafuta kemikali ya kati yenye nishati nyingi bila kuipata.

Mwaka 1961 Mitchell aliandika katika jarida la Nature kwamba kemikali hiyo haihitajiki. Elektroni kutoka kwenye chakula zinapopita katika utando wa ndani wa mitokondria, protoni husukumwa nje. Upande wa ndani hubaki na chaji hasi. Protoni zinaporudi ndani kupitia kimeng'enya maalumu, ATP hutengenezwa. Ni kama maji yaliyozuiwa na ukuta wa bwawa: nguvu yake huonekana yanapopewa njia ya kushuka.

Ushahidi ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe walionyesha kwamba kloroplasti za mimea hutengeneza ATP hata gizani, zikiwekewa tofauti ya asidi kati ya ndani na nje. Mwaka 1974 Efraim Racker na Walther Stoeckenius walipata ATP katika vifuko vidogo vya mafuta walivyovitia protini ya kusukuma protoni na kimeng'enya cha mitokondria.

Kalsiamu, oksijeni na ubongo

Chaji hasi iliyomo ndani ya mitokondria, takriban milivolti 150 hadi 180, huvuta ioni za kalsiamu, ambazo zina chaji chanya. Seli ya neva inapopokea ujumbe, kalsiamu huingia ndani yake, na sehemu yake humezwa na mitokondria. Kiasi cha wastani huamsha vimeng'enya vinavyochakata chakula, na utengenezaji wa ATP huongezeka.

Hata hivyo, chaji ikiwa kubwa mno elektroni hukwama njiani. Baadhi huchoropoka na kushikwa na oksijeni, ikawa superoksidi, ambayo inaweza kusababisha uharibifu wa mafuta, protini na DNA. Mwaka 1975 Mitchell alieleza mzunguko wa kwinoni, na mojawapo ya hatua zake inajulikana sasa kuwa mahali elektroni hizo zinapochoropoka.

Kwa hiyo kalsiamu haina athari ya aina moja. Ikiingia kwa wastani hupunguza kidogo chaji, na superoksidi inaweza kupungua. Ikizidi, kama inavyotokea katika kiharusi, tundu hufunguka kwenye utando, chaji huporomoka, utengenezaji wa ATP husimama, na superoksidi inaweza kuongezeka hadi seli kufa. Ubongo ni takriban 2% ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu 20% ya oksijeni yote, hivyo huumia upesi.

Urithi

Mitchell alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1974, akapata Nishani ya Copley mwaka 1981. Paul Boyer na John Walker walikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel ya Kemia ya mwaka 1997, kwa kueleza jinsi kimeng'enya cha ATP kinavyofanya kazi. Protini inayopitisha kalsiamu kuingia katika mitokondria ilitambuliwa mwaka 2011, miaka 19 baada ya kifo chake. Nguvu inayoivuta kalsiamu kupitia mlango huo ni ile chaji ya utando aliyoiandika mwaka 1961.