Jeanne Jugan, mfanyakazi wa nyumbani aliyetoa kitanda chake kwa mama kipofu

Majira ya baridi ya mwaka 1839, huko Saint-Servan, muji mdogo wa bandari katika eneo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, mwanamke mmoja wa miaka 47 alipanda ngazi nyembamba akiwa amebeba mzigo usio wa kawaida. Alikuwa amembeba mama mzee. Mama huyo, Anne Chauvin, alikuwa mjane, kipofu, na mwili wake ulikuwa umepooza upande mmoja. Hakuwa na mtu wa kumuangalia. Mwanamke aliyembeba alimulaza kwenye kitanda chake mwenyewe, kisha akaenda kulala chini ya paa, katika ghala ya nyumba.

Jina lake ni Jeanne Jugan. Hakuwa tajiri, hakuwa muganga, na wakati ule hakuwa sista. Alikuwa mfanyakazi wa siku: alifua nguo za watu, alisafisha nyumba, jioni akarudi na franga chache. Vyumba viwili alivyokaa alivipanga pamoja na mama mwingine aliyeitwa Françoise Aubert, mwenye umri mukubwa kumupita, na msichana yatima wa miaka 17, Virginie Trédaniel. Kwa hiyo kumuingiza mgonjwa ndani ya nyumba hiyo kulimaanisha kitu kimoja: mdomo mmoja zaidi wa kulisha, na mikono ileile ya kutafuta.

Jeanne alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, kijiji cha wavuvi karibu na Saint-Servan. Ufaransa ilikuwa katikati ya Mapinduzi. Baba yake, Joseph Jugan, alikuwa mvuvi. Alipotelea baharini wakati Jeanne hajafikisha hata miaka minne. Mama yake, Marie Horel, akabaki na watoto na kazi za hapa na pale. Akiwa na miaka kama 16, Jeanne aliingia jikoni kwa mama mmoja wa ukoo wa heshima, mke wa vikonte de la Choue. Mama huyo alikuwa na desturi ya kumuchukua wanapokwenda kutembelea maskini na wagonjwa. Huko ndiko binti wa jikoni alianza kuona namna mtu anaweza kutoa musaada bila kumushusha anayeupokea. Kijana mmoja baharia aliomba kumuoa, alikataa.

Kunako mwaka 1817 alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Rosais, Saint-Servan. Alikaa miaka kama 6, akatoka amechoka kabisa. Hilo ni jambo ambalo watu wanaosimulia maisha ya watakatifu wanapita haraka, lakini kila mtu anayefanya kazi ya kuosha wagonjwa, kuwageuza kitandani na kukesha usiku atalielewa: mwili wa mtunzaji nao unaisha. Jeanne alihitaji miaka ili kupata nguvu tena. Aliipata nyumbani kwa mama mmoja, Lecoq, aliyemuajiri kama mtumishi lakini wakaishi karibu kama ndugu kwa miaka 12, mpaka mama huyo akafariki mwaka 1835 na kumuachia akiba ndogo na vyombo vya nyumba.

Baada ya Anne Chauvin, akaja wa pili. Isabelle Cœuru alikuwa mtumishi wa nyumbani maisha yake yote. Mabwana wake walipofilisika hakuwaacha. Alitumia akiba yake kwa ajili yao, na ilipoisha akaomba-omba barabarani ili wale. Walipokufa, yeye alibaki mzee, mgonjwa, bila kitu. Mtu aliyetunza wengine mpaka mwisho hakuwa na wa kumtunza. Jeanne alimchukua.

Mwaka 1841 vyumba viwili havikutosha tena. Wakakodi sehemu ya chini ya nyumba iliyokuwa zamani mahali pa kunywea pombe, wakaweka wazee wanawake 12. Mwaka uliofuata wakanunua, kwa deni, nyumba ya zamani ya masista. Hapo vitanda vikaongezeka haraka, na maswali ya kila siku yakaongezeka pamoja navyo: nani anaamka usiku, nani anachota maji, nani anaosha mashuka, chakula cha kesho kinatoka wapi.

Swali hilo la mwisho ndilo lililomtoa Jeanne nje. Wengi wa wale wazee walikuwa wakiishi kwa kuomba. Kila mmoja alikuwa na nyumba zake anazopitia, siku zake, watu wanaomjua. Kutoka kwao kuingia nyumbani kwa Jeanne kungewapotezea hayo yote, na kuwaacha watoke tena kungewarudisha kwenye matope na baridi, wengine pia kwenye pombe. Jeanne akachukua kitunga, akawauliza wazee majina ya watu waliokuwa wakiwasaidia, akaanza kupitia milango ileile. Aliwaeleza wenye nyumba kwamba mzee wao hatakuja tena, na kwamba yeye amekuja mahali pake. Alipokea sarafu, mabaki ya mkate, nguo kuukuu, kuni, chochote.

Kwa mwanamke aliyekuwa amekula jasho lake tangu utoto, kunyoosha mkono haikuwa rahisi, na yeye mwenyewe hakulificha hilo. Inasimuliwa kwamba siku moja mtu mmoja alimpiga alipoomba. Akamjibu kwa upole kwamba kofi hilo ni lake, na kwamba sasa anasubiri kitu kwa ajili ya maskini wake.

Ndani ya nyumba kulikuwa na utaratibu ambao leo ungeandikwa katika mkataba wa kazi wa mtunzaji yeyote. Mzee anayefika anaoshwa, anapewa nguo safi na kitanda chake. Mwanamaji mmoja mzee, aliyekuwa akilala juu ya majani yaliyooza mahali penye unyevu, aliletwa, akasafishwa, akavalishwa, na kwa njia hiyo nyumba ikaanza kupokea wanaume. Wazee wanakula kwanza. Wanaowatumikia wanakula kilichobaki. Na mwenye nguvu kidogo anapewa kazi kidogo: wengine walisokota nyuzi, wengine walichambua sufu. Jeanne hakuona sababu ya kumkalisha mtu bure kutwa nzima eti kwa kuwa ni mzee. Hapa alikuwa mbele ya wakati wake, maana hospisi nyingi za karne ile zilikuwa mahali pa kulaza watu na kungoja wafe.

Mashariki mwa Congo, ambako vita vimewaacha wazee wengi katika kambi za wakimbizi bila watoto wao, mambo haya hayasikiki kama habari za zamani. Kumuosha mzee wa mwenzako bila kumtia haya, kumlisha polepole, kumsikiliza anaporudia hadithi ileile: hiyo ni kazi, na inachosha kama kulima.

Wasichana waliojiunga na Jeanne walimchagua kuwa mukubwa wao. Aliyewaongoza kiroho alikuwa vikaire kijana wa parokia, abé Auguste Le Pailleur. Mwanzoni alisaidia kweli. Inasemwa hata aliuza saa yake ya dhahabu kwa ajili ya nyumba. Lakini tarehe 8 Desemba 1843 Jeanne alipochaguliwa tena, padri huyo hakuridhika. Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Desemba, alifuta uchaguzi peke yake na kumweka Marie Jamet, msichana wa miaka 23 aliyekuwa chini ya uongozi wake. Jeanne alikuwa na miaka 51. Alirudi kwenye kitunga.

Watu wa muji hawakujua, au hawakujali, mipango hiyo ya ndani. Kwao, nyumba ilikuwa ya Jeanne. Meya na wakubwa wengine wa Saint-Servan waliandika barua kwa Akademia ya Ufaransa kueleza kazi yake, na mwezi wa Desemba 1845 Akademia ikampa tuzo ya Montyon, franga 3.000, iliyokuwa ikitolewa kwa mtu wa hali ya chini aliyefanya tendo kubwa la wema. Hotuba iliyosomwa siku hiyo huko Paris ilichapwa, na Jeanne akatembea nayo kama barua ya utambulisho. Aliihitaji. Mwaka 1846 alikwenda Rennes na Dinan, kisha Tours na Angers, na kila mahali nyumba mpya ilifunguka au nyumba iliyokuwa inazama katika deni ilisimama tena. Kunako mwaka 1849 watu walizoea kuwaita Masista Wadogo wa Maskini, na jina hilo likabaki. Mwaka 1851 walikuwa wamefika London. Mwaka uliofuata, gazeti la mwandishi Charles Dickens lilichapisha habari za nyumba yao ya Paris.

Mwaka huohuo wa 1852, Jeanne aliondolewa barabarani. Le Pailleur alimwita kwenye nyumba kubwa ya shirika, Rennes, akamkataza kuonana na wafadhili. Kutoka hapo, mwaka 1856, alihamia La Tour Saint-Joseph, katika kijiji cha Saint-Pern, ambako wasichana wapya walifundishwa. Aliitwa Sista Marie wa Msalaba. Alisimamia kazi zao za mikono, alitembea nao, alikula nao, na wengi wao hawakujua kwamba mama huyo mwenye fimbo ndiye aliyempandisha Anne Chauvin ngazini. Walifundishwa kwamba Le Pailleur ndiye mwanzilishi, na kwamba Jeanne alikuwa mtu wa tatu kujiunga. Hali hiyo ilidumu miaka 27. Watu hawakubaliani juu ya ukimya wake: wengine wanaona unyenyekevu, wengine wanaona mwanamke maskini wa karne ya 19 ambaye hakuwa na mahali pa kushtaki padri. Huenda yote mawili ni kweli.

Mara moja tu walimkumbuka. Mwaka 1865 shirika lilikuwa likijadili kama lipokee mapato ya kudumu, yaani fedha zinazoingia kila mwaka bila kuomba. Wakubwa walisita, wakamwita Jeanne kutoka kwa wanafunzi wake. Ushauri wake ulikuwa wazi: kukataa, na kuendelea kutegemea kile ambacho watu wanatoa siku kwa siku. Walimfuata. Kwa shirika lenye wazee maelfu wa kulisha, uamuzi huo ulikuwa wa hatari, na mtu anaweza kuubishia. Lakini Jeanne alijua nyumba inayoishi kwa milango ya majirani inalazimika kubaki karibu nao.

Miaka ya mwisho macho yake yalififia, akawa karibu kipofu kama yule mgonjwa wake wa kwanza, na wasichana wakamshika mkono. Hata hivyo aliendelea kuwafundisha kazi: wawe wapole na wazee, hasa wenye hasira na wenye kunung'unika, na wasisahau kwamba maskini ndiye mwenye nyumba. Masista hawa, zaidi ya nadhiri tatu za kawaida, wanaweka ya nne, ya ukarimu, ambayo inawafunga kuwapokea na kuwatunza wazee.

Jeanne Jugan alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na miaka 86. Shirika lilikuwa na masista kama 2.400 na nyumba 177. Mwaka 1890, baada ya malalamiko kufika Roma, Vatikano ilimwita Le Pailleur na kumtoa kwenye uongozi. Ukweli juu ya mwanzo wa shirika ulitoka polepole, kupitia barua, daftari za manispaa na ile hotuba ya Akademia ambayo hakuna aliyeweza kuifuta. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 3 Oktoba 1982. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009, siku moja na padri Damien, Mbelgiji aliyefia Molokai kati ya wagonjwa wa ukoma.