Nabii Armiya (Yeremia): Adhabu, Ahadi na Watu wa Uhamishoni

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake. Amma ba'ad.

Armiya, ambaye Biblia inamwita Yeremia, hakutajwa kwa jina katika Qur-aan. Hata hivyo, Wafasiri wamemtaja walipoeleza aya za mwanzo za Suratul-Israa kuhusu ufisadi wa Banu Israil. Tunayoyasimulia yametoka katika kitabu chao. Yasiyopingana na dini yetu hatuyasadikishi wala hatuyakadhibishi.

Alitoka Anathothi, karibu na Baytul-Maqdis, katika ukoo wa makuhani. Alianza kazi yake mnamo mwaka 627 kabla ya Nabii Isa ('alayhis-salaam), akiwa kijana. Alikatazwa kuoa, iwe ishara ya msiba unaokuja. Kwa miaka 40 hivi aliwaonya watu waache masanamu na dhulma, na wasijidanganye kuwa Hekalu litawakinga. Mfalme Yehoyakimu aliukata waraka wake kwa kisu na kuutia motoni kipande kwa kipande. Armiya akamsomea upya mwandishi wake Baruku, ukaandikwa mwingine.

Bukhtunassar wa Babeli alipouzingira mji, wakubwa waliweka ahadi mbele ya Mola wao kuwaacha huru watumwa wao wa Kiibrania. Jeshi lilipoondoka kwa muda, wakawarejesha utumwani. Armiya akawaambia kuwa kwa kuivunja ahadi hiyo wamejiitia adhabu. Baadaye, kwa kuwashauri watu wasalimu amri, alitumbukizwa katika shimo la matope, akaokolewa na Mkushi aliyetumikia nyumba ya mfalme. Mnamo mwaka 586 mji ukaanguka.

Lakini hakuwakatia watu tamaa. Waliokwishahamishwa Babeli aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee heri mji waliomo. Akabashiri ahadi mpya itakayoandikwa nyoyoni, na kwamba kila mtu atahukumiwa kwa dhambi yake, si ya baba yake. Manaswara wanasema ahadi hiyo imetimia kwa Isa. Mayahudi wanaiona ni kuhuishwa kwa ahadi yao. Sisi tunaamini kuwa sharia zilibadilika kutoka Mtume hadi Mtume, Tawhiyd haikubadilika, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyengine.

Hapa ndipo penye funzo, kwani wapo wanaosema kila mkimbizi ameadhibiwa na Mungu. Kambi ya Mtabila, Kasulu mkoani Kigoma, ilihifadhi Warundi kwa miaka mingi hadi ilipofungwa mwisho wa 2012, na zaidi ya watu 30,000 wakarejeshwa kwao, wakiwemo watoto waliozaliwa kambini. Mtoto huyo amevunja ahadi gani? Nasi wa visiwani tunaikumbuka Januari 2001, ndugu zetu zaidi ya 2,000 walipovuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nani kati yetu angekubali kuambiwa kuwa ile ilikuwa laana?

Armiya mwenyewe, aliyeonya na kutii, alichukuliwa Misri kwa nguvu pamoja na walioasi. Basi si kila msiba ni adhabu. Mwengine ni mtihani. Tuwafunze watoto wetu kumpokea mgeni, kumwombea na kumsaidia, na hukumu tumwachie Mwenyewe.

Wallaahu A'lam.