Shekhar Mehta, mzee wa matope

Wadau wa Mwanza mnaosema Formula 1 inaboa tangu Verstappen abebe mbio 19 kati ya 22 mwaka 2023, mcheki huyu jamaa. Shekhar Mehta alizaliwa 1945 Kampala, ng'ambo ya ziwa letu. Amin alipowatimua Wahindi 1972, akahamia Kenya. 1973 akashinda Safari Rally na Datsun 240Z, tena kwa mbinde: yeye na Msweden Harry Källström walimaliza na pointi sawa! Kisha akabeba 1979, 1980, 1981 na 1982. Mfululizo! Lakini nani angeboreka? Matope na wanyama hawajui bingwa ni nani, gari lolote linanasa. Alifariki 2006, Safari ikiwa imeshatolewa kwenye ubingwa wa dunia tangu 2003. Ilirudi 2021, yeye hakuiona.